Herufi za Aliyetangulia

Kazi inayonilipa mshahara ni kuhudumia kompyuta za ofisi moja ya Dodoma, upande wa Ihumwa, na juu ya hiyo sina mengi ya kusimulia. Kompyuta ikigoma naizima, naiwasha, naambiwa asante. Kazi ninayoipenda hainilipi kitu. Kwa miaka kadhaa sasa ni mmoja wa watu wanaojitolea kutunza lugha moja changa ya kuandikia programu, watu waliotawanyika duniani ambao hatujawahi kuonana uso kwa uso. Lugha ya namna hiyo huja na maktaba yake sanifu, yaani vipande vya msimbo vilivyo tayari, vya kusoma faili, kupanga majina au kuhesabu tarehe, ili mwandishi wa programu asilazimike kuchonga mwiko kila anapotaka kusonga ugali.

Maktaba hiyo huandikiwa majaribio. Jaribio ni programu ndogo inayokipa kipande cha maktaba kazi ya kufanya, kisha inalinganisha jibu lililotoka na jibu linalotakiwa. Yakilingana, jaribio limefaulu na linakaa kimya. Yakipishana, linapiga kelele. Nyuma ya majaribio kuna chombo kingine kinachopaka rangi: mstari wa msimbo uliopitiwa na jaribio lolote unakuwa kijani, usiopitiwa unakuwa mwekundu, na juu kabisa inaandikwa asilimia ya kijani. Nilipewa sehemu iliyokuwa nyekundu kuliko zote, ile inayosoma majedwali yaliyohifadhiwa kama maandishi matupu, seli moja ikitenganishwa na nyingine kwa alama ya mkato. Nikaambiwa niongeze kijani.

Kunipa mimi kazi ya namna hiyo ni kumpa mbuzi zamu ya kulinda mchicha. Nina ugonjwa wa kumaliza vitu. Nikiona nyekundu kwenye skrini, chakula hakishuki. Wikiendi zikawa zinapita niko chumbani kwangu Makole, mlango umefungwa kwa sababu ya vumbi, bando limewashwa, naandika majaribio. Nilibuni njia ya haraka. Natunga jedwali dogo, nalipitisha kwenye kipande cha maktaba, nachukua jibu linalotoka, nalibandika ndani ya jaribio kama jibu linalotakiwa. Naendesha, linafaulu, mstari unageuka kijani. Asilimia ilipanda kama uji unaotaka kufurika, nami nilijiona fundi.

Katikati ya furaha hiyo ndipo shangazi aliponipigia simu.

Shangazi ni dada yake baba, na anaishi naye Mlali, huko Kongwa, tangu mama afariki. Si mtu wa kupiga simu ovyo. Akipiga, ujue kuna jambo, na jambo lenyewe atalifikia baada ya kukuuliza habari za kazi, za majirani na za upepo.

"Baba yako ameanguka mtaroni," akasema mwishowe.

Mtaro wa bomba la maji ulikuwa umechimbwa mbele ya nyumba, udongo umerundikwa pembeni, na watoto wa mtaa walikuwa wakiuruka kutwa nzima kama mchezo. Baba alitoka ndani mchana kweupe, jua la Mungu likiwaka, akaingia humo mzima mzima. Alichubuka goti na kiganja. Alipoulizwa alisema alikuwa anawaza.

"Alikuwa anawaza nini?"

"Hakusema. Lakini mwanangu, juzi amemkaripia mbuzi ampishe njia. Alidhani ni mimi."

Nilicheka, kisha nikaacha kucheka. Baba ana shamba la karanga mwendo wa baiskeli kutoka nyumbani, na baiskeli hiyo anaiendesha mwenyewe kandokando ya barabara inayopita malori. Nikaanza kuyaona malori.

Hapa lazima nimweleze baba yangu. Ni Mrangi wa milima ya Kondoa aliyefika Mlali akiwa kijana, akiuza vitunguu, akapata shamba na mke, hakurudi tena. Ni mtu mcheshi, mcha Mungu, na muungwana kupita kiasi, na kwa sababu ya uungwana huo huwezi kupata habari yoyote kutoka kwake. Ukimuuliza habari za kitu, kitu hicho ni kizuri. Mwaka ule upepo ulipoezua paa la nyumba, nilimpigia simu nikamuuliza habari za nyumbani, akasema ni nzuri kabisa, ila siku hizi wanaona nyota. Watu wa kwetu wote tuko hivyo kwa kiasi fulani. Tunajua kwamba salamu ni mlango tu, na habari yenyewe inakaa nyuma ya neno "ila". Kwa baba, hiyo "ila" unaweza kuingoja mpaka kiti kikazoea mwili wako.

Nilimpigia. "Shikamoo baba."

"Marahaba mama, hujambo?" Baba huniita mama, kama wazee wengi wanavyowaita binti zao.

"Sijambo. Macho yako vipi?"

"Macho mazima, Alhamdulillahi."

"Baba, umeingia mtaroni mchana."

"Mtaro ulikuwa mpya. Bado hatujazoeana."

"Mficha maradhi kifo humuumbua."

"Mimi sina maradhi, mama. Nina palizi."

Nilimwambia asipokuja Dodoma mimi nitaacha kazi nimfuate, na nikiwa Mlali nitampikia mwenyewe kila siku. Anajua mapishi yangu. Alikuja wiki ileile.

Aliteremka kwenye basi na mfuko wa karanga na kifurushi cha mlenda mkavu aliotumwa na shangazi, mkono mmoja begani kwa kondakta kama marafiki wa siku nyingi. Nilimwita, akageuka, akanijia moja kwa moja bila kusita. Nikajiambia: anaona. Nyumbani alijua maji yako wapi baada ya kuonyeshwa mara moja. Alasiri alikaa kwenye mkeka, msahafu mapajani, akasoma kwa sauti yake ileile tulivu niliyoizoea tangu utoto, akifunua kurasa kila baada ya muda. Sikuona miwani, sikuona kukunja uso. Nikajiambia shangazi naye ana chumvi zake.

Kisha kurasa mbili zikafunuka kwa pamoja. Niliziona kwa macho yangu, zimegandana. Sauti ya baba haikuruka hata neno. Nilishtuka kidogo, nikakumbuka kwamba tangu utotoni alisoma chuo cha Kurani kwa kuhifadhi, na mtu aliyehifadhi hahitaji kila ukurasa. Hoja hiyo ilinitosha kwa sababu nilitaka initoshe.

Kesho yake nilimpeleka mjini kwenye duka la miwani. Mwenye duka ni mama mmoja wa Kihindi ambaye babu yake aliuza vitambaa mtaa huohuo. Kiswahili chake ni cha Dodoma kuliko changu, na ana ulimi unaoweza kukutukana ukashukuru. Si daktari, na hadanganyi kwamba ni daktari. Ana bango la herufi ukutani, masanduku ya lenzi, na kiti kimoja cha kuzunguka. Mbele yetu alikuwepo mwanafunzi wa chuo, kijana mwenye sauti ya mtangazaji wa mpira. Alisoma herufi moja moja kana kwamba anatangaza kikosi cha timu. Baba alikuwa kwenye benchi, mikono juu ya bakora, macho ameyafumba. Nilidhani anasinzia.

Zamu yake ilipofika alikaa kitini, akarekebisha kofia, akaanza. Alisoma mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu, akishuka kwa utaratibu. Mahali fulani alisema, "P... hapana, F." Akaendelea. Mstari wa mwisho kabisa alisema huo ni mdogo mno, hauoni.

"Huo hata mimi siuoni," akasema mwenye duka. "Mzee ana macho mazuri kuliko yangu. Mrudishe shambani kwake, usimsumbue."

Sina haya kusema nilitembea kuelekea nyumbani nikiimba. Nilimnunulia baba juisi ya zabibu. Tukakata tiketi ya kurudi Jumatatu asubuhi, maana palizi haisubiri. Shangazi nilimpigia nikamwambia macho yamepimwa na ni mazima, na yeye akasema haya, kwa sauti ya mtu anayekubali kwa ajili ya amani.

Jumapili baba alikuwa uani akibangua karanga, nami nikafungua kompyuta kuona kama majaribio yangu yamepokelewa. Huko kwetu kwenye lugha, hakuna kazi inayoingia bila mtu mwingine kuikagua, na mkaguzi wa sehemu yangu ni mwanamke anayeishi nchi ya baridi. Ni mpole wa kuudhi. Hakuna siku amewahi kuandika kwamba kitu ni kibaya. Alikuwa ameandika hivi: asante kwa kazi kubwa, kijani kimeongezeka sana, ana swali moja dogo. Majibu haya yanayotakiwa, nimeyapata wapi?

Nilipandwa na hasira. Wikiendi zangu zote, vumbi langu, bando langu, halafu mtu ananiuliza nimeyapata wapi kana kwamba nimeyaiba sokoni. Nilijibu kwa sauti, peke yangu chumbani: "Nimeyapata wapi? Nimeyapata kwenye maktaba yenyewe!"

Nilijisikia nikisema hivyo.

Nikakaa. Nikafungua jaribio moja, nikalisoma polepole kama mgeni. Nilikuwa nimetunga jedwali la mazao na mahali yanakolimwa. Zabibu, Hombolo. Ulezi, Kondoa. Seli ya mwisho kabisa, ya karanga, ilikuwa "Kongwa, Mlali", na kwa kuwa ndani yake kuna mkato nilikuwa nimeifunga kwa alama za kunukuu, kama kanuni inavyotaka, na faili likaishia hapohapo bila mstari mpya. Nikaangalia jibu linalotakiwa, lile nililolinakili. Zabibu ilikuwa na Hombolo yake, ulezi una Kondoa yake. Karanga haikuwa na kitu. Seli tupu.

Maktaba ilikuwa inaidondosha seli ya mwisho, na mimi nilikuwa nimelichukua kosa lake, nikaliita jibu sahihi, nikaweka mlinzi wa kuhakikisha kosa halitoki. Kama siku moja mtu angekuja kurekebisha, jaribio langu ndilo lingempigia kelele. Msimbo wote ulikuwa kijani kibichi kama mchicha wa mvua, na hakuna mahali hata pamoja nilipokuwa nimeuliza chochote. Nilikuwa nimeiambia maktaba, niambie habari yako, ikasema nzuri, nami nikaandika: nzuri.

Nje, karanga zilikuwa zikidondoka kwenye sufuria moja moja.

Sikumbuki nilifikaje pale, ila nilijikuta nimesimama mlangoni nikimtazama baba, na kichwani nasikia sauti ya yule mwanafunzi wa chuo. Alikuwa amekosea herufi moja. Alisema P, akasema hapana, F. Na baba alisema P, akasema hapana, F. Mwanafunzi aliishia mstari mmoja kabla ya mwisho, akisema wa chini hauoni. Baba aliishia palepale. Watu wawili wanaweza kusoma bango moja na kupata herufi zilezile. Lakini kukosea kosa lilelile, mahali palepale, na kulisahihisha kwa pumzi ileile, hiyo si kusoma. Nilitaka kumpigia kelele, na nilitaka kumkumbatia, na basi lilikuwa la kesho asubuhi.

Sikumuuliza. Nilijua jibu ni zuri.

Nilimpigia simu mwenye duka. Jumapili hafungui, lakini anaishi ghorofani juu ya duka. Nilipomweleza, alicheka mpaka akakohoa.

"Mlete sasa hivi," akasema. "Bango lingine ninalo. Lisilosomeka kwa masikio."

Baba nilimwambia kwamba yule mama amesahau kuandika kipimo chake. Haukuwa uongo mkubwa. Alivaa kanzu yake safi tukaenda. Duka lilikuwa tupu, mlango umefunguliwa nusu. Mwenye duka alimkaribisha kwa heshima zote, akamkalisha, akageuza bango la herufi likatazama ukuta, akatundika jingine lenye alama moja tu iliyorudiwa: kama uma wenye meno matatu, mara meno yakitazama juu, mara chini, mara kushoto, mara kulia.

"Mzee wangu, leo husemi kitu. Unanionyesha kwa mkono tu meno yanatazama wapi. Hii?"

Baba akainua mkono. Aliuelekeza juu. Ilikuwa alama kubwa kuliko zote, kubwa kama sahani, na meno yake yalitazama kulia.

Mwenye duka akaonyesha ya pili. Mkono wa baba ulibaki hewani, ukageuka kidogo, ukageuka tena, kama mtu anayetafuta swichi kwenye chumba asichokijua. Kisha ukashuka taratibu mapajani.

"Sioni, mama," akasema. Hakuwa anamwambia mwenye duka.

Ndiyo mara ya kwanza maishani mwangu kumsikia baba akisema neno la aina hiyo. Nilikaa kwenye benchi. Nilikuwa na huzuni, lakini nisipokuwa mkweli hapa basi nisiandike kabisa: chini ya huzuni kulikuwa na nafuu. Kitu kilichokuwa kinasema nzuri, nzuri, nzuri, hatimaye kilikuwa kimepiga kelele.

"Mzee," akasema mwenye duka, akishusha bango, "nimekaa humu dukani tangu nikiwa na misuko miwili kichwani. Hakuna mtu aliyewahi kunishinda kwa masikio. Nimekuvulia kofia, ila kesho unaenda hospitali, na ukikataa nakuja Mlali mwenyewe."

Baba akacheka kidogo. Njiani alinieleza bila kuulizwa. Ukungu ulianza jicho moja, ukahamia la pili. Mwanzoni alidhani ni vumbi la mavuno. Kaka yake wa Kondoa aliwahi kutiwa dawa ya majani na mganga, akawa kipofu moja kwa moja, na baba aliapa hakuna atakayegusa macho yake. Na zaidi ya hapo, alisema, alijua mtu akijulikana haoni, shamba linagawiwa, na yeye analetwa mjini kukalishwa sebuleni kama gunia la mkaa, watu wanampita.

"Sebule yenyewe sina," nikamwambia. "Nina chumba kimoja."

"Basi ningekaa mlangoni."

Daktari wa macho alikuwa mwanamke kijana, mtulivu, mwenye tochi ndogo. Alisema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, na kwamba lenzi iliyoingia ukungu hutolewa ikawekwa mpya, na wengi hurudi kuona vizuri. Nikaanza kushukuru. Akainua kidole. Alisema ukungu ni mzito kiasi kwamba hawezi kuona nyuma ya jicho kukoje. Inawezekana nyuma ni pazima, na inawezekana palishaharibika kwa kuchelewa. Wataanza na jicho la kulia, na hawatajua mpaka walifungue.

Baba alimsikiliza, kisha akaniuliza mimi, "Wewe unasemaje?"

"Mimi naogopa," nikasema.

"Na mimi," akasema, na tukaweka sahihi.

Asubuhi ya upasuaji nilikaa kwenye benchi la nje na kompyuta mapajani, kwa sababu mikono isipokuwa na kazi mimi hung'ata kucha. Nilifanya jambo ambalo mkaguzi wangu hakuniagiza. Nilifuta majaribio yangu yote ya kunakili. Asilimia ilianguka kwa aibu, nyekundu ikarudi kama upele, na cha ajabu sikuumia. Kisha nikaanza upya, kwa njia ya polepole. Nilichukua karatasi. Natunga jedwali, naandika kwa kalamu jibu linalopaswa kutoka, kwa akili yangu na kanuni peke yake, kabla sijaiuliza maktaba. Baada ya hapo ndipo naiuliza. Na jaribio likishafaulu, siliamini bado: naingia ndani ya maktaba naharibu kitu makusudi, nageuza alama ya "kubwa kuliko" iwe "ndogo kuliko", nafuta mstari mmoja, kuona kama jaribio litapiga kelele. Lisipopiga, ni la mapambo, nalitupa. Likipiga, narudisha nilichoharibu na kushukuru.

La kwanza lilikuwa la karanga. Karatasini niliandika kwa mkono wangu: Karanga, kisha Kongwa, Mlali. Nikaendesha. Likapiga kelele palepale, nyekundu tupu, nami nikatabasamu peke yangu kwenye benchi la hospitali mpaka mama mmoja aliyekaa jirani akanisogelea kuuliza kama nimepata habari njema.

"Bado," nikamwambia. "Hii ni nyingine."

Marekebisho yenyewe yalikuwa mistari michache. Kipande kilikuwa kikingoja mstari mpya ndipo kikabidhi seli iliyofungwa kwa alama za kunukuu, na faili likiisha kabla ya mstari mpya kilikata tamaa na seli mkononi. Nilikifundisha kwamba mwisho wa faili nao ni mwisho. Nikatuma vyote, jaribio na marekebisho, na chini yake nikamwandikia mkaguzi kwamba swali lake dogo halikuwa dogo, kwamba majibu sasa nimeyapata kichwani mwangu, na kwamba nimekaa nje ya chumba cha upasuaji nikimsubiri baba. Alijibu upesi kuliko kawaida yake. Alisema kazi imeingia. Alisema yeye hana dini, lakini atakaa kimya kidogo kwa ajili ya baba yangu, kama itafaa. Niliona inafaa sana, na hasira yote niliyokuwa nimemwekea ikaniisha.

Baba alitolewa akiwa amefunikwa jicho kwa pamba na kikombe cha plastiki, anatania wauguzi kwa Kirangi wasichokielewa. Hatukujua lolote. Tulilala hivyohivyo, yeye wodini, mimi kwa jirani yake wa kitanda cha pili aliyekuwa na binti mwenye nafasi kwenye mkeka. Sitaeleza usiku huo. Niseme tu kwamba nilimwahidi Mungu mambo mengi, mengine yako nje ya uwezo wangu.

Asubuhi daktari alikuja na tochi yake, nesi akabandua plasta taratibu ili nyusi zisiumie, akafuta jicho kwa pamba yenye maji. Baba alikuwa amelifumba.

"Fungua, mzee," akasema daktari.

Alilifungua. Lilikuwa jekundu, linatoa machozi. Nilishika chuma cha kitanda. Daktari aliinua vidole bila kusema kitu.

"Vitatu," akasema baba.

Akabadilisha.

"Kimoja. Na kucha yake umeipaka rangi nusu, imebanduka."

Daktari akaangalia kucha yake, akaificha, akacheka. Nesi akapiga makofi. Mimi nilianza kulia kwa namna isiyopendeza, pua na kila kitu. Baba hakunitazama bado. Alikuwa ametazama dirishani, ambako upepo ulikuwa unayumbisha mti wa uani, na alikuwa anautazama ukiyumba kama mtu anayesikiliza hadithi. Kisha akatazama mikono yake mwenyewe, mbele na nyuma. Kisha ndipo akageuka.

Alinitazama kwa muda mrefu. Nilijifuta pua kwa ukingo wa mtandio, na mtandio ukateleza.

"Hizo ni mvi?" akauliza.

"Ni mvi, baba."

"Tangu lini?"

"Siku nyingi. Zilianza mbele, zikaenea."

Akanyoosha mkono, akazigusa hapo juu ya paji, kwa kidole kimoja, kwa uangalifu. Mama alifariki nikiwa shule ya msingi, nywele zake nyeusi tii. Alikuwa mdogo kuliko nilivyo mimi sasa. Baba hakuoa tena, na juu ya mama tangu siku ile sijawahi kumsikia akisema zaidi ya kwamba alikuwa mtu mzuri.

"Miaka yote hii," akasema, "nimekuwa nikijiuliza angezeeka vipi."

Daktari alikuwa akingoja na dawa yake ya matone. Baba alimwomba kwa mkono asubiri kidogo.

"Kumbe angekuwa hivi," akasema, na hakuliondoa jicho lake.